TAHARIRI: Kompyuta inayopelekwa Nyabiondo iende na tarehe yake ya mwisho

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha usaidizi wa bure kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 2015 na ambao bado ulikuwa ukiendesha mamia ya mamilioni ya kompyuta duniani. Siku hiyo hakuna mashine iliyozimika. Zilizowaka asubuhi ziliwaka na jioni. Kilichokoma ni viraka, yaani yale masasisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni na watengeneza virusi huyatafuta usiku na mchana.

Kwa mwenye ofisi Nairobi, Dar es Salaam au Brussels, habari hiyo ilikuwa na majibu mawili: lipa uongezewe muda, au nunua mashine mpya. Nyabiondo, mji mdogo ulio magharibi mwa Masisi-kati kwenye barabara inayokwenda Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, majibu yote mawili yana shida. Huko kompyuta huwa imefika baada ya kutumika kwingine. Inawashwa kwa umeme wa jua au jenereta, na masasisho yanagombania bando la intaneti na kazi yenyewe.

Hoja ya tahariri hii ni fupi. Yeyote anayepeleka kompyuta katika eneo kama hilo, awe wizara, shirika la misaada, parokia au mfanyabiashara, aandike kwenye hati ya makabidhiano mambo mawili: programu iliyomo itasaidiwa hadi lini, na masasisho yake yatafikaje pasipo na mtandao wa uhakika. Bila hayo, anachokabidhi ni mzigo wenye muda wa kuharibika ambao haukuandikwa.

Je, huu ni wakati wa kusema kompyuta?

Msomaji ana haki ya kuuliza hivyo. Masisi-kati iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025. Mwishoni mwa mwezi huo wakaingia Goma, na Machi wakafika Walikale-kati. Familia zimehama mara mbili, mara tatu. Mashamba ya maharage na viazi yameachwa bila kuvunwa. Mbele ya mambo hayo, mfumo endeshi unaonekana kama anasa ya watu wa mjini.

Lakini vita havijapunguza kazi ya kompyuta, vimeiongeza. Orodha za waliohama huandikwa humo. Majina ya wanafunzi wa mtihani wa taifa hupitia humo. Muhimu zaidi, taarifa za magonjwa hupanda kupitia humo. Kituo cha afya hujaza fomu za karatasi, kisha ofisi ya kanda ya afya huziingiza katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya unaotumia programu ya DHIS2. Hiyo ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ingawa mizizi yake ilichipuka Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kenya iliieneza nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011. Leo inatumika katika makumi ya nchi, Kongo ikiwa mojawapo.

Surua au kipindupindu kikizuka katika kambi ya wakimbizi wa ndani, dozi za chanjo na dawa hupangwa kwa kutazama takwimu hizo. Kompyuta ya karani ikishikwa na kirusi, au kivinjari chake kikikataa kufungua ukurasa kwa sababu kimezeeka, ripoti inachelewa. Ripoti ikichelewa, na dawa inachelewa.

Maharage na migomba

Programu hutolewa kwa mizunguko, na mizunguko hiyo haifanani. Mkulima wa Masisi ataielewa tofauti hiyo kirahisi. Kuna zao kama maharage, linalopandwa na kuvunwa ndani ya miezi michache, na kuna mgomba, unaopandwa ukijua utakaa shambani miaka.

Mfano ulio wazi ni Ubuntu, mfumo huria ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na kupewa jina la Kiafrika lenye maana ya utu. Toleo jipya hutoka kila Aprili na kila Oktoba. Matoleo ya kawaida husaidiwa kwa miezi tisa tu. Hayo ndiyo maharage. Lakini kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, hutoka toleo la usaidizi wa muda mrefu, linalopata viraka vya usalama kwa miaka mitano bila malipo. Huo ndio mgomba. Toleo la Aprili 2024, kwa mfano, lina usaidizi wa kawaida hadi mwaka 2029. Mtu binafsi anayejiandikisha anaweza kuongezewa muda hadi miaka kumi kwa mashine zisizozidi tano, bila kulipa.

Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, nao hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka miwili. Kila toleo hupata miaka mitatu ya usaidizi kamili na mingine miwili ya ziada. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025.

Hata Microsoft inajua kwamba kuna mashine zisizopaswa kubadilishwa kila mara. Kwa ajili ya vifaa vya hospitali na mashine za kutolea fedha za benki, ina aina maalumu ya Windows 10 yenye usaidizi mrefu. Toleo lake la 2019 linafika Januari 2029. Ila aina hiyo huuzwa kwa mikataba ya wanunuzi wakubwa. Muuza kompyuta wa mitumba haipati, na kituo cha afya cha kijijini hakiwezi kuiagiza.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayepeleka mashine si kama programu ni mpya au ya zamani. Ni swali la umri uliobaki. Toleo lililotoka mwezi jana linaweza kuisha kabla ya msimu wa pili wa mavuno, na lililotoka miaka miwili iliyopita likabaki na miaka mitatu ya uhai.

Kiraka kilichopo na kiraka kilichofika

Swali la pili ni gumu zaidi. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani kwa siku chache, kikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Cha kusikitisha ni kwamba kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa na usaidizi. Kiraka kilikuwepo, hakikuwa kimewekwa.

Kama hilo liliwezekana Uingereza, penye umeme na mtandao wa kutosha, Nyabiondo inahitaji mpango na si matumaini. Sasisho kubwa la Windows linaweza kuwa la gigabaiti kadhaa. Likijipakua lenyewe, linamaliza bando lililonunuliwa kwa ajili ya kutuma ripoti. Betri ikiisha katikati ya kazi, mashine inaweza isiwake tena vizuri, na fundi yuko mbali. Matokeo yake yanajulikana: mtumiaji huzima masasisho kabisa. Kwa upande wa mfuko wake, amefanya jambo la busara. Kwa upande wa usalama, ameacha mlango wazi.

Wapo wanaosema kompyuta isiyounganishwa na mtandao haina hatari. Hiyo ni nusu ya ukweli. Katika vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi, flashi hupita mkono kwa mkono kutoka mashine hadi mashine, na kirusi hakidai nauli. Mashine isiyowahi kuona intaneti inaweza kuambukizwa na barua ya mwombaji kazi.

Dawa ipo, nayo ni namna ya kusakinisha. Mfumo unaweza kusakinishwa kwa kuvuta vipande vyake kutoka mtandaoni, au kwa faili moja kamili lililowekwa kwenye flashi. Njia ya kwanza huanza na faili dogo lakini hula bando wakati wa kazi. Njia ya pili huanza na faili kubwa, karibu gigabaiti 6 kwa Ubuntu ya 2024, lakini likishapakuliwa mara moja Goma au Bukavu linaweza kuwekwa kwenye mashine mia moja bila kulipia hata megabaiti moja zaidi. Masasisho nayo yanaweza kukusanywa sehemu yenye mtandao, yakapelekwa kwa flashi au diski. Viraka vya kila mwezi vya Windows hupakuliwa kama mafaili ya kujitegemea, na Debian na Ubuntu zina zana za kazi hiyohiyo.

Njia hii si ndoto. Kati ya 2005 na 2011 Ubuntu ilituma CD zake bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani, kwa sababu waanzilishi wake walijua kwamba wengi hawakuwa na intaneti ya kupakua. Leo posta inaweza kuwa pikipiki inayopanda kutoka Goma, na CD ikawa flashi. Wazo ni lilelile: programu ifuate njia ambayo bidhaa nyingine zote hufuata.

Bei ya mwaka mmoja

Microsoft haikuwaacha watumiaji wa Windows 10 bila mlango. Kwa kompyuta za nyumbani ilifungua dirisha la mwaka mmoja wa viraka, hadi Oktoba 13, 2026. Mtu anaweza kulipa dola 30, kutumia pointi za zawadi za kampuni hiyo, au kuruhusu mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Njia zote hizo zinahitaji akaunti ya Microsoft na mtandao. Kwa taasisi, bei ni dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, na huongezeka mara mbili kila mwaka. Miaka mitatu ni dola 427. Fedha hizo zinazidi bei ya kompyuta nyingi za mitumba.

Tena, dola 30 si bei tu, ni njia ya kulipa. Benki za Goma zilifunga milango waasi walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025. Mwenye hela mkononi lakini asiye na kadi inayokubalika mtandaoni hana tofauti na asiye na hela.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Baada ya shinikizo la vyama vya walaji, Microsoft ilikubali kwamba wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wapate mwaka huo wa ziada bila malipo na bila sharti la kuhifadhi mipangilio yao mtandaoni. Mkazi wa Masisi hakupewa nafuu hiyo. Anayeweza kulipa amesamehewa, na asiyeweza ameandikiwa hati ya malipo.

Kuhamia Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, si jibu kwa mashine nyingi za zamani. Mfumo huo unadai kijipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta milioni 240 zingeweza kugeuka takataka kwa sababu ya mabadiliko hayo. Sehemu ya mashine hizo haitatupwa Ulaya. Itasafishwa, itapakiwa, na itauzwa Afrika kama bahati nzuri.

Madini yanaondoka, umri haurudi

Kuna kejeli nyingine ambayo wakazi wa Masisi na Walikale hawahitaji kuelezwa. Rubaya, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Masisi, inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini yanayoingia katika simu na kompyuta. Bisie, wilayani Walikale, hutoa kasiteriti, inayozaa bati la kuunganishia vipande vya kielektroniki. Udongo wa huko umo ndani ya mashine kabla mashine haijawa mashine.

Kadiri kifaa kinavyotupwa mapema kwa sababu programu yake imeachwa, ndivyo kingine kinavyotakiwa kutengenezwa, na ndivyo mashimo ya Rubaya yanavyochimbwa zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na chini ya robo ndizo zilizokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu rasmi. Kurefusha maisha ya kompyuta moja hakutamaliza vita vya Kivu. Lakini hakuna anayeweza kudai kwa haki kwamba muda wa usaidizi ni jambo la mafundi peke yao.

Ulaya imeanza kulitambua hilo kwa upande wa simu. Tangu Juni 20, 2025, sheria za huko zinataka simu mpya zinazouzwa sokoni mwake ziendelee kupata masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya mauzo ya aina hiyo kukoma. Simu za bei nafuu zinazofika masoko ya Kivu hazibanwi na sheria hiyo. Zinapozeeka, programu huzikimbia moja baada ya nyingine. WhatsApp, kwa mfano, iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4 mwanzoni mwa 2025. Kwa familia iliyotawanywa na vita, hiyo ni sawa na kukatiwa njia ya kujua nani yuko hai.

Pingamizi za haki

Wapo watakaosema programu huria haitafaa kwa sababu watu wamezoea Windows na Word, na fundi wa mtaani anajua "kupiga Windows" tu. Pingamizi hilo lina uzito. Kubadilisha mfumo bila kumfundisha karani ni kumtesa. Printa nyingine hukataa, na waraka uliochapwa kwa programu moja hufunguka umepinda katika nyingine. Shule au ofisi isihamishwe kwa amri ya siku moja.

Lakini "Windows ya bure" inayopigwa mtaani si ya bure. Mara nyingi ni nakala isiyo halali, iliyozimwa masasisho tangu siku ya kwanza, na hakuna anayejua kilichochomekwa ndani yake. Mtumiaji anadhani ana Windows. Kumbe ana sura yake. Kwa ofisi inayoshika majina ya wagonjwa au ya waliohama, hiyo si hatari ya kudharau. Orodha ya majina ikivuja katika eneo la vita, madhara hayaishii kwenye skrini.

Lugha nayo ina somo lake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Mwaka uliofuata OpenOffice ikatoa toleo lake la pili, na tafsiri ya Kiswahili ikawa imefungwa kwa toleo lililopitwa. Tafsiri, kama usalama, ni kazi ya kila toleo, si sherehe ya uzinduzi. Anayefadhili mradi wa mwaka mmoja ajue amefadhili mwaka mmoja tu.

Kinachotakiwa

Hatua zinazohitajika si za gharama kubwa.

Kwanza, kila kompyuta inayokabidhiwa ibandikwe tarehe ya mwisho wa usaidizi wa mfumo wake, kama chupa ya dawa inavyoandikwa tarehe yake. Muuguzi wa Nyabiondo hatapokea dawa isiyo na tarehe. Asipokee na mashine isiyo nayo.

Pili, mashine za vituo vya afya, shule na ofisi za eneo zipewe matoleo ya usaidizi wa muda mrefu pekee. Yale ya miezi tisa yaachiwe wenye mtandao wa kutosha na muda wa kujaribu.

Tatu, vyuo vikuu vya Goma na Bukavu vihifadhi nakala kamili za mifumo hiyo na masasisho yake, na mtu yeyote aruhusiwe kunakili kwenye flashi yake. Serikali iliipa Starlink leseni Mei 2025, lakini hata pale satelaiti itakapofika, kupakua mara moja na kugawa mara mia ni nafuu kuliko kupakua mara mia.

Nne, kila kundi la kompyuta liende na vijana wawili wa eneo hilo waliofundishwa kusakinisha, kuhifadhi nakala za kazi na kuweka masasisho betri ikiwa imejaa. Mashine kumi bila fundi ni mapambo. Mashine tano zenye fundi ni huduma.

Tano, Microsoft iwape watumiaji wa maeneo ya vita na umaskini nafuu ileile iliyowapa Wazungu, na iruhusu viraka hivyo viwekwe kwa flashi bila akaunti ya mtandaoni. Viraka vyenyewe vimeshatengenezwa. Kuvinyima Masisi hakupunguzi gharama ya kuvitengeneza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu una tarehe, na ukubwa wake unajulikana. Kiraka chake kinaingia kwenye flashi ya mfukoni. Kilichobaki ni wanaotoa mashine kuacha kuhesabu ngapi wamegawa, na kuanza kuhesabu ngapi bado zinafanya kazi salama baada ya miaka mitano.